Maziwa ya Jioni

Kama Tapkigen angegongwa na lori la majani chai, watu wangempa pole kwa sauti kubwa na mambo yangeeleweka. Lakini mkono wake ulivunjika kwa jambo dogo mpaka akaona aibu kulisimulia. Aliteleza kwenye nyasi zenye umande kati ya mistari ya chai, akatanguliza kiganja asianguke vibaya, basi. Hata kapu mgongoni halikumwagika. Alisikia kitu kikilia ta! karibu na kifundo cha mkono, na alipoutazama ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Na bado alingoja. Majani yakishachumwa hayangoji mtu, na Kipkurui mumewe alitaka kwanza kuyafikisha kwenye banda la kununulia kabla karani hajafunga mizani. Saa nne zikapita ndipo akapandishwa pikipiki, mkono umefungwa kwa leso, hadi kwenye kliniki ndogo ya sokoni.

Daktari wa pale alikuwa mwanamke, Wamuyu, binti wa wale Wakikuyu waliokuja zamani kufungua maduka Kericho. Alimnyoosha mkono, akaufunga plasta, kisha badala ya kumwachilia aende, akavuta kiti.

"Mama, una miaka mingapi?"

"Hamsini na nne."

"Na siku zako za mwezi zilikoma lini?"

Tapkigen akatazama mlango. Kipkurui alikuwa nje na pikipiki, lakini hata hivyo akashusha sauti. "Kwani hayo na mkono yanahusiana wapi?"

"Yanahusiana sana. Zilikoma lini?"

"Miaka minne sasa."

"Basi sikia. Kile kilichokuwa kinaleta damu kila mwezi ndicho kilichokuwa kinalinda mifupa yako. Kikiondoka, mfupa unaanza kupoteza madini, na miaka ya kwanza ndiyo mibaya zaidi. Umezaa wangapi?"

"Sita. Wote nimewanyonyesha."

"Unakula nini?"

Tapkigen akafikiria, kwa maana hajawahi kuulizwa swali hilo maishani. Alikula kilichobaki. Ugali, mboga kidogo, na strungi, chai kavu isiyo na maziwa, vikombe vitano au sita kwa siku.

Wamuyu akashusha pumzi. "Kuanzia leo, maziwa vikombe viwili kila siku. Si tone la kupaka chai rangi, maziwa yenyewe. Mayai, maharagwe, omena na miiba yake yote. Mboga za isagek, ile mgagani, usiache. Chumvi punguza, presha yako nayo imeanza kupanda, ni umri huo huo. Mkono huu ni onyo, mama. Mara ya pili itakuwa nyonga, na nyonga ikivunjika..." Hakumalizia.

Hakukuwa na haja ya kumalizia. Mama yake Tapkigen aliteleza uani akimwaga maji ya vyombo, akalala miezi minane akitazama ukuta, mpaka mgongo ukaoza na akafa. Watu walisema ni uzee. Siku zote Tapkigen aliomba kitu kimoja tu kwa Mungu, kwamba afe akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Leo ndiyo mara ya kwanza kuambiwa kwamba ombi hilo lina dawa, na dawa yenyewe iko kwenye zizi lake.

Alirudi nyumbani akijishangaa. Damu ilipokoma alimshukuru Mungu, akaona mwili umestaafu. Joto la ghafla lilimpanda saa moja asubuhi katikati ya chai, ukungu ukiwa bado umetanda, akavua sweta na wenzake wakamcheka kwamba anapika ugali ndani ya tumbo. Alivumilia, akajua litapita. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba chini ya joto lile mifupa ilikuwa inaliwa. Alipokuwa anazaa, wanawake walimletea uji, supu na maziwa ya kibuyu, mtoto wa kwanza mpaka wa sita, akalishwa mwezi mzima hadi mashavu yakajaa. Mtoto wa sita alipoacha ziwa, sahani nayo ikaondoka. Ndivyo ilivyo kwetu, mwanamke hulishwa kwa sababu ya mtu mwingine aliye ndani yake au kifuani pake. Akibaki peke yake, haya, ajitafutie.

Bahati yake, kulikuwa na maziwa ya jioni. Watu wa huku wanajua sheria hii bila kuandikiwa. Maziwa ya asubuhi ni ya mzee, yanaenda kwenye lori la ushirika, na yeye ndiye anayeyasemea. Maziwa ya jioni ni ya mama. Atawapa watoto, atatia kwenye sotet, kile kibuyu cha maziwa lala tunayoyaita mursik, atampelekea jirani, na hakuna wa kumuuliza. Kwa hiyo kila jioni, mkono ukiwa bado kwenye plasta, Tapkigen alikaa kwenye kigoda jikoni akanywa vikombe vyake viwili. Mwanzoni alikunywa akiwa ameupa mlango mgongo, kama mwizi. Baada ya wiki tatu alizoea, akawa hata anajilamba midomo. Plasta ikatoka. Mkono ulibaki umepinda kidogo, lakini ulifanya kazi, na yeye akaanza kutembea kwenye mteremko wa chai bila hofu.

Furaha ya maskini haikawii. Jioni moja Kipkurui aliingia jikoni anapiga mluzi.

"Mama Chepngetich, nimesaini. Kuanzia Jumatatu lori litapita na jioni."

"Kuchukua nini?"

"Maziwa, kwani kuna kingine? Ushirika wamenunua tangi kubwa la baridi."

"Maziwa ya jioni ni yangu."

Kipkurui akacheka, na si kwa ubaya, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Hajawahi kumpiga, halewi, kanisani ni mzee wa kutegemewa. "Yako ya nini? Yalikuwa ya watoto. Sasa Chepngetich yuko Mulot anafundisha, vijana wameenda, amebaki Chepkemoi peke yake na yeye anaolewa. Ama uko na mimba hujaniambia?"

"Daktari alisema ninywe. Ya mifupa."

"Hata mimi niko na mifupa, mama."

Hapo ndipo angesema. Lakini kumweleza kwa nini mifupa yake si kama ya mume kungemlazimu ataje damu, na kwa miaka thelathini na tatu ya ndoa neno hilo halijawahi kutoka kinywani mwake mbele ya Kipkurui. Watoto sita wamezaliwa katika nyumba ile na hakuna aliyewahi kulitaja. Basi akainama akapuliza moto, na kimya chake kikahesabiwa kuwa amekubali.

Walimwachia lita moja ya nyumbani. Na hapa, tuseme ukweli, Kipkurui asibebeshwe lawama zote. Lita moja ni vikombe vinne. Angeweza kunywa viwili, mzee apate cha chai yake, na bado kibaki. Lakini koito ya Chepkemoi ilikuwa inakaribia, wakwe wanakuja kutoka Soin kuongea mahari, na Tapkigen alikuwa mwanamke wa sifa. Wakwe waje nyumbani kwake wakute sotet tupu? Wee! Afadhali afe. Akasugua vibuyu viwili kwa kijinga cha moto mpaka ndani pakawa peusi na pananukia, na kila siku, kwa wiki tatu, akamimina mle kilichobaki baada ya chai ya mzee. Kidole kikidondokewa alikifuta kwenye kitambaa. Ee Tapkigen, ungekilamba basi! Nani alikuwa anakuona?

Wakwe walikuja, wakanywa, wakafuta masharubu. "Huyu mama anajua kazi," mzee mmoja akasema, na kikombe kikajazwa tena. Tapkigen alisimama mlangoni ameshika sotet ya pili kwa mkono wake uliopinda, amejaa fahari mpaka koo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini siku hiyo mwenyeji alikunywa strungi. Na koito ilipopita alikuwa ameshazoea kukosa. Kikombe cha jioni hakikurudi tena, mara ni mchungaji anakuja, mara ni msiba kwa jirani, kila mara kuna mtu anayestahili zaidi.

Mvua kubwa ilipoanza, Chelel akazaa. Huyu Chelel ni ng'ombe mweupe, mkubwa, uzazi wake wa tano, na ndiye aliyekuwa anajaza mitungi ya ushirika. Siku ya pili baada ya kuzaa walimkuta amelala zizini, shingo ameikunja ubavuni, masikio baridi. Kipkurui alimsukuma, akamvuta mkia, wapi! Akapiga simu. Nusu saa haikuisha, Ogeto, daktari wa mifugo, Mkisii mchangamfu ambaye hajui kuongea polepole, alikuwa ameshafika na pikipiki yake imejaa matope.

Nusu saa, si saa nne. Tapkigen aliihesabu, na hakupenda kwamba ameihesabu.

"Homa ya maziwa hii," Ogeto akasema, akatoa chupa kwenye mkoba na mpira mwembamba. "Mama, shika chupa juu. Si juu sana, ikiingia haraka moyo utasimama."

Tapkigen akainua chupa. Ogeto akatafuta mshipa shingoni, akachoma sindano, dawa ikaanza kushuka polepole.

"Amefanya nini, daktari?" Kipkurui akauliza. "Tumemlisha vizuri."

"Ako na umri, mzee. Ndama wa kwanza, wa pili, hapati shida. Lakini huyu amezaa mara tano. Maziwa yanavuta madini kutoka kwa damu, na mifupa ya ng'ombe mzee haiwezi kutoa haraka. Sasa ameishiwa. Si kiburi, hata umchape hataamka. Ndani hakuna kitu."

"Kumbe!" Kipkurui akachuchumaa kwenye samadi na suruali yake safi, akampapasa Chelel shingoni. "Pole, mama. Pole sana. Na hatukujua."

Tapkigen alisikia neno lile, mama, likielekezwa kwa ng'ombe kwa sauti ambayo yeye hajawahi kuisikia. Mkono uliopinda ulianza kuuma kwa kushikilia chupa.

"Na mtu je, daktari?" akauliza. "Mwanamke akizeeka?"

Ogeto akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Mimi ni wa ng'ombe, mama. Lakini mfupa ni mfupa."

"Mama, chupa imeshuka," Kipkurui akasema.

Akaiinua. Dawa ilipokaribia kuisha Chelel akatetemeka mwili mzima, akacheua kwa sauti, akakunja miguu ya mbele, na hop, akasimama. Kipkurui alipiga makofi kama mtoto. Ogeto akanawa mikono akitoa maagizo: chumvi ya madini kila siku bila kukosa, na kwa siku tatu wasimkamue mpaka mwisho.

"Mwachie yake kidogo," akasema. "Akikamuliwa yote ataanguka tena."

"Mwachie yake. Nimesikia, daktari, nimesikia."

Na kweli alisikia. Siku tatu ushirika ulipata maziwa nusu na Kipkurui hakunung'unika hata mara moja. Gunia la chumvi ya madini lilifika siku hiyo hiyo. Ng'ombe alipewa haki yake.

Jioni ya siku ya tatu, wakiwa mezani, Tapkigen akaweka kijiko chini. Moyo ulimdunda kama msichana anayeposwa.

"Baba Chepngetich, lile jambo Ogeto alilosema juu ya Chelel, Wamuyu aliniambia hilo hilo juu yangu. Nimezaa sita. Damu yangu ilikoma miaka minne iliyopita, na tangu..."

Kipkurui alisimama ghafla kama ameketi juu ya siafu. "Mama! Tunakula."

"Nisikilize tu. Naomba vikombe viwili vya jioni. Nikianguka tena ni nyonga, na mama yangu unajua alivyokufa."

"Mambo ya wanawake waambie wanawake wenzako huko kwenye chama." Alikuwa ameshashika tochi, uso ameuelekeza ukutani. "Unajilinganisha na ng'ombe, kweli? Wacha nikamwangalie Chelel."

Akaenda. Hakuwa amekasirika, aliona haya tu, na haya ya mwanamume ilikuwa na uzito kuliko nyonga ya mkewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tapkigen alibaki akitazama sahani mbili, akachukia, akajichukia pia kwa kungoja miaka yote hiyo kusema jambo ambalo lilihitaji pumzi moja.

Zilipita siku tisa. Asubuhi ya kumi, mvua ilikuwa imelowesha saruji ya zizi, naye alikuwa amebeba bakuli la chumvi ya madini kumpelekea Chelel, kama alivyoagizwa. Hakukimbia. Hakusukumwa. Mguu uliteleza kidogo tu, akaanguka kwa ubavu, na akaisikia tena ile ta!, lakini sasa ilikuwa nzito na ya ndani.

Alilala pale kwenye maji ya samadi. Chumvi ilimwagika pembeni yake, na Chelel akainamisha kichwa akaanza kuilamba, pole kwa pole, ulimi ukigusa kiwiko chake.

Kipkurui alikuja mbio. "Amka, mama! Shika mkono wangu."

"Siamki."

"Jaribu!"

"Si kiburi, Baba Chepngetich. Ndani hakuna kitu." Alimtazama usoni, machozi yakimtoka bila sauti. "Mwite Ogeto. Kwake ni nusu saa."

Mwanamume yule alivunjika. Alilia wazi, majirani wakisikia, akamshika kichwa, akasema pole nyingi ambazo hakuwa amezisema kwa miaka thelathini na tatu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Hospitalini walimtia chuma kwenye nyonga na kumweleza ukweli wao: chai basi, mteremko basi, na kusimama, labda, kwa kushikilia kitu.

Alirudi nyumbani kulala. Ndipo maziwa yakaja! Wanawake wa kanisa walikuja na sotet, wakwe wa Soin wakaja na sotet, vibuyu vikapangwa ukutani vinane. Aliyekuwa na miguu hakupewa hata kikombe, na sasa aliyelala anafurikiwa. Kipkurui mwenyewe alienda kwenye ushirika akafuta maziwa ya jioni, na kila siku saa kumi na mbili jioni alimletea kikombe mwenyewe, mikono miwili, bila neno. Tapkigen alikunywa. Hakumshukuru.

Jumamosi moja Chepngetich, mwanawe wa kwanza, alifika kutoka Mulot. Ana miaka thelathini na mbili, watoto watatu, na tayari uso umemkonda. Tapkigen alimtaka afunge mlango, akamweleza yote bila kuficha: damu, joto, mifupa, nyanya yake aliyeoza mgongo, vikombe viwili. Alitaja kila kitu kwa jina lake. Chepngetich alisikiliza akilia.

"Usingoje damu ikome," mama akasema. "Anza sasa. Kula, mwanangu. Kula kabla hawajamaliza." Akachukua kikombe kilichokuwa kando ya kitanda, kimejaa mpaka mdomoni, akamtilia mikononi. "Kunywa nikiona."

"Nimekuelewa, mama. Haki nimekuelewa."

Chepngetich akakiinua kikombe. Wakati huo mlango ukasukumwa na baba yake akaingia kutoka shambani, amelowa mvua, amechoka. Chepngetich aliruka kwa heshima, akafuta machozi kwa kiganja, akamwachia kiti.

"Karibu, baba. Umenyeshewa, pole," akasema, na akampa kile kikombe kwa mikono miwili.

Kipkurui alikipokea, akaketi, akanywa.